Ernie Davis: Bingwa wa Syracuse ambaye hakucheza hata mechi moja ya kulipwa

Kila mara filamu ya The Express inapoonyeshwa kwenye vibanda vya video vya mkoa wetu, ikiwa na sauti ya mtafsiri juu yake, meza yetu hupokea maswali yale yale. Je, yule kijana mweusi aliyekuwa akikimbia na mpira mkononi alikuwepo kweli? Je, ni kweli alikufa namna ile? Na ule mchezo wenyewe, mbona wanasimama kila baada ya sekunde chache?

Majibu ya maswali mawili ya kwanza ni ndiyo. La tatu linahitaji maelezo kidogo, kwa hiyo tuanze nalo, kwa sababu bila kuuelewa mchezo hutaelewa Ernie Davis alifanya nini.

Mpira wa Kimarekani una wachezaji 11 kila upande, kama soka. Uwanja una urefu wa yadi 100 kutoka mstari wa goli hadi mwingine, karibu mita 91. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea mbele angalau yadi 10. Ikifaulu, hupewa mengine manne. Isipofaulu, mpira huenda kwa wapinzani. Ndiyo maana wanasimama na kupanga upya kila mara: kila kusimama ni mwisho wa jaribio moja. Mpira unaweza kurushwa kwa mkono, au mtu akaukumbatia na kukimbia nao huku watu wenye miili kama milango wakimvamia ili wamwangushe. Ukiufikisha nyuma ya mstari wa mwisho unapata pointi 6, kisha nafasi ya kuongeza moja au mbili.

Ernie Davis alikuwa mkimbiaji. Katika msimu wake wa kwanza wa chuo, mwaka 1959, alisogeza timu yake kwa wastani wa yadi 7 kila alipokabidhiwa mpira. Rudi kwenye hesabu ya hapo juu: timu inahitaji yadi 10 katika majaribio manne, na mtu mmoja anakupa 7 kwa jaribio moja. Hapo utaelewa kwa nini walinzi wa timu nyingine hawakuwa na raha wakikutana naye.

Mtoto wa babu na bibi

Alizaliwa tarehe 14 Desemba 1939 katika mji mdogo wa New Salem, jimbo la Pennsylvania. Baba yake alifariki katika ajali kabla hajamwona mwanawe. Mama alikuwa msichana mdogo, na mtoto alipofikisha umri wa mwaka na miezi miwili alipelekwa kulelewa na babu na bibi zake upande wa mama, mzee Willie Davis na mkewe Elizabeth, katika mji wa Uniontown. Babu alikuwa mchimbaji wa makaa ya mawe. Habari hii haihitaji maelezo marefu kwa wasomaji wetu. Wengi wetu tumekulia kwa bibi, na tunajua mtoto wa namna hiyo hujifunza adabu kabla ya kujifunza kitu kingine chochote.

Ernie alikuwa na kigugumizi. Sisi ambao tunakula kwa sauti zetu tumelisoma jambo hilo mara mbili. Waliomfahamu utotoni walimkumbuka kama mtoto asiyesema sana, anayesikiliza, na anayetumia mwili wake kueleza kile ulimi ulichogoma kukisema. Alipofika umri wa miaka 12 alihamia kwa mama yake, ambaye alikuwa ameolewa tena, katika mji wa Elmira, jimbo la New York. Huko, katika shule ya Elmira Free Academy, alicheza besiboli, mpira wa kikapu na mpira wa Kimarekani. Timu yake ya kikapu ilifikia mechi 52 mfululizo bila kufungwa, na wapo watu wa Elmira walioamini kwamba kikapu ndicho kilikuwa kipaji chake cha kwanza.

Vyuo vingi vilimtaka. Aliyesaidia kumvuta Syracuse, si mbali na nyumbani, alikuwa Jim Brown, mkimbiaji mweusi aliyetoka chuo hicho hicho na ambaye tayari alikuwa nyota wa timu ya kulipwa ya Cleveland Browns. Davis alipowasili alipewa jezi namba 44, ile ile aliyoivaa Brown. Kwa kijana wa miaka 18 huo ulikuwa mzigo, lakini hatujakuta mahali popote alipoulalamikia.

Kocha alikuwa Ben Schwartzwalder, mtu aliyeruka na mwamvuli Normandy mwaka 1944 na jeshi la Marekani. Timu yake ilicheza kama alivyopigana: nguvu kwanza, mbwembwe baadaye. Kanuni za wakati ule hazikumruhusu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kuchezea timu kuu, kwa hiyo Davis alisubiri hadi Septemba 1959.

Msimu wa mwaka 1959

Syracuse haikuwa miongoni mwa timu zilizotabiriwa kutwaa ubingwa. Ilianza kwa kuifunga Kansas 35 kwa 21. Pointi hizo 21 zilikuwa nyingi kuliko zote ambazo timu yoyote ingezipata dhidi yao mwaka ule. Maryland ilipigwa 29 kwa sifuri, Navy 32 kwa 6, Holy Cross 42 kwa 6, West Virginia 44 kwa sifuri, Pittsburgh 35 kwa sifuri.

Hapa tuseme neno kuhusu filamu. Mechi ya West Virginia inaonyeshwa kama safari ya kwenda kwenye uwanja wa chuki, mashabiki wakirusha vitu na matusi. Kwa kweli mechi ile ilichezwa nyumbani Syracuse, na watu wa West Virginia walilalamika filamu ilipotoka mwaka 2008. Tunaona walikuwa na haki ya kulalamika. Ubaguzi uliompata Davis ni mwingi wa kutosha bila kuongezewa chumvi, na ukiongeza chumvi mahali pasipohusika unampa mtu sababu ya kuukana hata ule wa kweli.

Tarehe 7 Novemba walikwenda kwa majirani zao Penn State, nao wakiwa hawajafungwa. Hii ndiyo mechi ambayo ingeweza kuvunja kila kitu. Syracuse iliongoza 20 kwa 6, kisha mchezaji mmoja wa Penn State akaudaka mpira wa kuanzishia na kukimbia nao uwanja mzima, yadi 100. Baadaye Penn State wakauzuia mpira wa Syracuse uliokuwa ukipigwa kwa mguu na wakafunga tena. 20 kwa 18. Mara tatu Penn State walifunga, na mara zote tatu wakashindwa kupata pointi za nyongeza. Dakika za mwisho Syracuse walifanya jambo lisilopendeza machoni lakini linaloonyesha timu hiyo ilikuwa ya namna gani: walichukua mpira, wakakimbia nao kidogo kidogo, yadi tatu hapa, nne pale, na hawakuwapa wapinzani nafasi ya kuugusa tena hadi muda ukaisha.

Baada ya hapo walimaliza hasira kwa Colgate, 71 kwa sifuri, wakaifunga Boston University 46 kwa sifuri, na tarehe 5 Desemba wakaenda hadi Los Angeles kuifunga UCLA 36 kwa 8. Mechi kumi, ushindi kumi. Pointi 390 za kufunga, 59 za kufungwa. Waliongoza nchi nzima kwa kushambulia na kwa kuzuia, jambo ambalo ni nadra timu moja kulifanya katika msimu mmoja. Davis aliukimbiza mpira mara 98 na kupata yadi 686. Kura za waandishi wa habari, ambazo wakati ule zilipigwa kabla ya mechi za mwaka mpya, ziliwapa ubingwa wa taifa. Mpaka leo ndio ubingwa pekee wa chuo hicho katika mchezo huu.

Ilibaki mechi moja.

Dallas, mwaka mpya

Tarehe 1 Januari 1960 Syracuse ilicheza na Chuo Kikuu cha Texas mjini Dallas, katika mechi ya heshima iitwayo Cotton Bowl. Texas ilikuwa Kusini, ambako sheria na desturi za ubaguzi zilikuwa bado zinatawala. Timu ya Texas haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja, na ingechukua takribani miaka kumi zaidi kabla haijampata. Syracuse ilikuwa na watatu: Davis, Art Baker na John Brown.

Davis alifika akiwa ameumia msuli wa nyuma ya paja. Hata hivyo, mwanzoni kabisa mwa mchezo nahodha Gerhard Schwedes, kijana mzaliwa wa Ujerumani, alimrushia mpira, na Davis akaenda nao hadi mwisho. Yadi 87 kwa jumla, rekodi ya mechi hiyo kwa wakati huo. Siku zile wachezaji walishambulia na kulinda pia, kwa hiyo mkimbiaji huyo huyo mwenye paja bovu alirudi nyuma na kunasa mpira wa Texas, na kutokana na mpira huo Syracuse ikafunga tena. Kabla ya mapumziko kulizuka ugomvi uwanjani. Wachezaji wa Syracuse walisema John Brown alikuwa akitukanwa kwa rangi yake mchezo mzima. Upande wa Texas ulikana. Syracuse ilishinda 23 kwa 14, na Davis akachaguliwa mchezaji bora wa mechi.

Jioni kulikuwa na dhifa ya kugawa tuzo. Ndipo mchezaji bora wa mechi alipoarifiwa kwamba ataipokea tuzo yake, kisha aondoke, yeye na wenzake wawili weusi, kwa sababu sherehe ya baadaye haikuwahusu watu wa rangi yao.

Kuhusu kilichofuata kuna simulizi mbili. Ya kwanza, ambayo imesambaa sana, inasema timu nzima ya Syracuse ilisimama na kutoka nje pamoja na ndugu zao. Ya pili ni ya John Brown mwenyewe. Yeye alisema wote walihudhuria, wakala, tuzo zikagawiwa, halafu wao watatu wakaombwa kuondoka, na wakachukuliwa na watu wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, kwenda kwenye sherehe nyingine mjini. Schwedes alipendekeza timu nzima iondoke. Wakuu wa msafara wa chuo wakakataa.

Sisi tunaegemea simulizi ya Brown. Alikuwa mle ndani. Na simulizi ya kwanza ina ladha ya kitu ambacho watu walitamani kiwe kimetokea. Linalobaki bila ubishi ni kwamba Mjerumani, ambaye nchi yake ilikuwa imepigana na Marekani miaka kumi na mitano tu nyuma, angeweza kubaki mezani hadi usiku, na mzaliwa wa Pennsylvania aliyewashindia mechi hakuweza.

Tuzo na biashara

Misimu miwili iliyofuata tunaipita haraka. Syracuse haikurudia ubingwa, lakini Davis alizidi kukimbia. Alipomaliza chuo alikuwa na yadi 2,386, akiwa amemvuka Jim Brown. Desemba 1961, mwezi ule ule bendera ya Tanganyika huru ilipopandishwa, Davis alikuwa New York kupokea tuzo ya Heisman, ambayo hupewa mchezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani. Alipata pointi 824 dhidi ya 771 za Bob Ferguson wa Ohio State. Tuzo ilikuwa ikitolewa tangu 1935, na hakuna mtu mweusi aliyewahi kuipata kabla yake. Rais John F. Kennedy, ambaye alikuwa mjini, aliomba waonane.

Wakati huo huo timu ya Washington ilimchagua wa kwanza kabisa katika zamu ya kugawana wachezaji wanaotoka vyuoni. Hiyo nayo ilikuwa mara ya kwanza kwa mchezaji mweusi. Lakini tuseme ukweli ulivyokuwa. Washington ndiyo iliyokuwa timu ya mwisho katika ligi kukataa wachezaji weusi, kwa uamuzi wa mmiliki wake, George Preston Marshall. Kilichombadilisha hakikuwa dhamiri. Timu ilikuwa imehamia uwanja mpya uliojengwa kwenye ardhi ya serikali kuu, na Waziri wa Mambo ya Ndani wa Kennedy, Stewart Udall, alimwambia Marshall achague: aajiri weusi au asitumie uwanja ule. Baada ya kumchagua Davis, Marshall alimbadilisha kwa Cleveland Browns na kupokea wachezaji wawili weusi, Bobby Mitchell na Leroy Jackson. Mitchell ndiye aliyekwenda Washington na kubeba mzigo wa kuwa wa kwanza.

Kwa Davis, mabadilishano hayo yalikuwa kheri. Cleveland angecheza bega kwa bega na Jim Brown. Mkataba wake wa miaka mitatu ulikadiriwa kuwa na thamani ya dola 80,000, fedha nyingi mno kwa mchezaji ambaye hajagusa ligi. Mashabiki wa Cleveland wakaanza kuhesabu ni timu gani itakayoweza kuwazuia hao wawili kwa pamoja.

Ugonjwa bila jina

Kiangazi cha 1962 alikuwa amechoka kupita kawaida. Mwezi Julai, akiwa karibu na Chicago akijiandaa kwa mechi kati ya nyota wa vyuo na mabingwa wa ligi, aliamka shingo ikiwa imevimba. Alipelekwa hospitali. Walidhani ni tezi au meno. Vipimo vya damu vikasema vingine: lukemia, yaani saratani ya damu, ya aina kali. Katika ugonjwa huu uboho wa mifupa hutoa chembe nyeupe changa zisizofanya kazi, zikajaa na kuzuia chembe nyingine za damu kutengenezwa. Mgonjwa huishiwa nguvu, hutoka damu kirahisi na hushindwa kupambana na maambukizi. Mwaka 1962 dawa ziliweza kuutuliza kwa miezi. Kuuponya kwa mtu mzima, hapana.

Wakuu wa klabu waliambiwa. Davis hakuambiwa. Alijua tu ana tatizo la damu na kwamba hatacheza kwa muda.

Katikati ya Agosti, kabla ligi haijaanza, Cleveland ilicheza mechi ya maandalizi katika uwanja wake mkubwa. Taa za uwanja zilizimwa, ikabaki moja tu, nayo ikamfuata kijana mmoja akitembea peke yake hadi katikati. Makumi ya maelfu ya watu walisimama kumshangilia. Tukio hili tumelirudia mara nyingi katika maandalizi ya makala hii. Chini ya taa ile mtu aliyekuwa akishangiliwa hakujua anaumwa nini, na pembeni walikuwepo waliojua.

Alikuja kuambiwa Oktoba, ugonjwa ukiwa umetulia kwa dawa. Baadaye aliueleza umma mwenyewe. Alifanya mazoezi, akasafiri na timu, akaketi benchi. Alitaka kucheza. Mmiliki, Art Modell, alikuwa tayari aruhusiwe, lakini kocha Paul Brown alikataa katakata, akiona si haki kwa afya yake. Ugomvi wa wawili hao ulikuwa na mambo mengine pia, na Januari 1963 kocha alifukuzwa. Kuna watu wanaomlaumu Paul Brown kwa kumnyima kijana hata dakika moja uwanjani. Sisi hatumlaumu. Ni vigumu kumtuma mtu mwenye damu isiyoganda vizuri katikati ya watu wa kilo mia na zaidi wanaolipwa kumwangusha. Lakini tunaelewa pia kwa nini Davis aliumia.

Katika miezi hiyo aliishi Cleveland nyumba moja na John Brown, yule yule aliyetolewa naye kwenye dhifa ya Dallas, ambaye sasa alikuwa akichezea Browns. Machi 1963 lilichapishwa jarida lenye makala yake, ambamo alieleza kwamba akitazama maisha yake hajioni kama mtu mwenye bahati mbaya. Ikumbukwe alikuwa na miaka 23.

Katikati ya Mei alipita ofisini kwa Modell kumuaga, akimweleza kwamba anakwenda hospitali kwa siku chache. Alifariki tarehe 18 Mei 1963.

Mwili ulirudishwa Elmira na kulazwa katika jengo la jumuiya alikokuwa akicheza utotoni. Zaidi ya watu 10,000 walipanga foleni kumuaga, katika mji ambao wote pamoja haukuwa na hata watu 50,000. Kennedy alituma salamu za rambirambi. Browns walikodi ndege kuja kuzika. Alizikwa katika makaburi ya Woodlawn, ambako pia amelala mwandishi Mark Twain.

Syracuse waliendelea kuitoa jezi namba 44 kwa wakimbiaji wao bora, akiwemo Floyd Little, kijana ambaye Davis alimshawishi ajiunge na chuo hicho na ambaye aliamua kwenda baada ya kusikia habari za msiba. Mwaka 2005 namba hiyo iliondolewa, haivaliwi tena. Cleveland nao walikuwa wamemwandalia Davis jezi namba 45. Klabu iliiondoa pia baada ya kifo chake, bila yeye kuwahi kuivaa katika mechi hata moja ya ligi.